Je, Wajua? Mikono Inayopasua Samaki Katikati ya Bahari

Himo, chini ya Mlima Kilimanjaro, haina bahari, lakini samaki wamo. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanafika wakiwa wabichi au wamekaushwa kwa moshi, dagaa wa Mwanza wanafika kwa magunia, na madukani kuna makopo ya jodari. Perege na dagaa tunawajua waliowavua na waliowaanika. Ni watu wa nchi hii, na kazi yao mtu akitaka anaweza kwenda kuiona. Samaki wa kopo na samaki wa barafu wana historia nyingine. Baadhi yao walipita kwenye mikono ya watu wanaofanya kazi usiku na mchana ndani ya meli ambayo papo hapo ni kiwanda, mbali na nchi kavu, na sauti za watu hao hazitufikii huku mlimani. Safu ya leo ni yao.

Je, wajua kwamba meli ya kwanza ya kukokota nyavu iliyojengwa kuwa kiwanda kamili ilitokana na uwindaji wa nyangumi? Kampuni ya Christian Salvesen ya Leith, Scotland, ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa meli kubwa zilizomvuta nyangumi kupitia mteremko wa nyuma na kumpasua papo hapo. Wakajiuliza kwa nini wavu uliojaa samaki usipandishwe kwa njia hiyo hiyo. Jibu lao lilikuwa Fairtry, meli iliyoshushwa majini Aberdeen mwaka 1953 na kuanza kuvua mwaka uliofuata. Kabla yake, meli ya kukokota nyavu ilitawaliwa na barafu: ikianza kuyeyuka, nahodha anageuza. Fairtry ilikata vichwa, ikatoa minofu na kuigandisha humo humo, ikakaa baharini miezi badala ya wiki. Muungano wa Kisovieti haukuchelewa. Ukaagiza meli 24 za namna hiyo kutoka kiwanda cha meli cha Kiel, Ujerumani, na meli hizo zikajulikana kwa jina la Pushkin.

Mwujiza wa pili ulikuwa baridi ya haraka. Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, Kanada, miaka ya 1910, akaona kwamba samaki anayeganda ghafla kwenye upepo wa huko, akipikwa baada ya miezi, ladha yake bado ipo. Sababu yake ni ya kisayansi kabisa. Maji yakiganda polepole ndani ya nyama hujenga chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama kwa ndani, na ukimyeyusha samaki huyo anamwaga maji na kulegea. Yakiganda haraka, chembe hubaki ndogo. Ndiyo maana katika meli hizi kila kitu kinakimbizana na saa, na anayekimbizwa ni mfanyakazi.

Je, wajua kazi yenyewe ikoje? Tuchukue Bahari ya Bering, Alaska, ambako kila mwaka huvuliwa zaidi ya tani milioni moja za samaki aina ya pollock, yule anayeishia kuwa vipande vya minofu vya migahawa ya chakula cha haraka duniani kote. Wavu unamwagwa kwenye mapipa makubwa chini ya sitaha. Kutoka hapo samaki wanapita kwenye mkanda unaotembea. Mtu mmoja anawapanga vichwa upande mmoja ili mashine iwakate, mwingine anatoa matumbo yaliyobaki, mwingine anatenga mayai, ambayo yana bei kuliko nyama. Minofu inapita juu ya meza yenye taa chini yake ili minyoo na miiba ionekane, na anayeitafuta anasimama hapo saa baada ya saa macho yakiwa yameinama. Kisha minofu inapangwa kwenye fremu, inabanwa katikati ya sahani za baridi, inatoka ikiwa matofali ya barafu ya kilo 7.5 kila moja. Matofali matatu yanaingia kwenye katoni moja, na katoni hiyo lazima mtu aiinue, aibebe na kuipanga ndani ya chumba chenye baridi ya nyuzi 25 au zaidi chini ya sifuri, huku sakafu ikiinuka na kushuka pamoja na mawimbi.

Katoni hiyo ina kilo 22 na ushee. Wapagazi wa Marangu wataielewa hesabu hii mara moja. Mlimani, hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na getini kuna mizani ya kuupima. Wapagazi wana malalamiko yao mengine, ya haki, lakini angalau mzigo unapimwa, na mpagazi anapanda nao mlima mara moja kwa siku. Ndani ya meli, mtu wa chumba cha baridi anainua katoni moja, anarudi kuchukua nyingine, na nyingine, mamia kwa zamu moja. Na zamu ina urefu gani? Meli nyingi za Alaska hufanya saa 16 kazi na 8 mapumziko, au 12 kwa 12. Ndani ya saa nane hizo za mapumziko mtu anakula, anaoga, anafua, na kinachobaki ndicho usingizi. Hakuna Jumapili. Siku zinaendelea hivyo mpaka chumba cha samaki kijae.

Mwili una namna yake ya kulalamika. Vidole hufa ganzi usiku kwa sababu ya kurudia mkato ule ule ndani ya baridi. Mchomo mdogo wa mwiba wa samaki unaweza kuingiza bakteria na kuvimbisha kidole kizima. Mvuke wa maji yaliyochanganyika na chembe za samaki na kaa huleta pumu kwa baadhi ya wafanyakazi, ugonjwa ambao madaktari wa afya ya kazini wanautambua rasmi. Mitambo ya baridi mara nyingi hutumia amonia, gesi inayochoma macho na mapafu, na ikivuja ndani ya meli hakuna mahali pa kukimbilia isipokuwa sitahani. Na mashine za kukata vichwa hazitofautishi kichwa cha samaki na mkono uliochoka.

Tarehe 23 Machi 2008, kabla ya alfajiri, meli ya kusindika samaki iitwayo Alaska Ranger ilizama katika Bahari hiyo hiyo ya Bering ikiwa na watu 47. Wengi waliruka kwenye maji ya karibu sifuri wakiwa wamevaa mavazi maalumu ya kuelea. Helikopta za walinzi wa pwani na meli mwenza ya kampuni hiyo waliwaokoa 42. Watano walikufa, nahodha akiwa mmoja wao. Siwezi kusoma habari hiyo bila kufikiria kwamba waliookolewa waliokolewa kwa sababu mavazi yalikuwepo na redio ilijibiwa. Kuna bahari nyingi ambako hakuna kimojawapo.

Katika viwanda vya samaki vya Alaska, miongoni mwa Wafilipino na Wameksiko, wamo pia wahamiaji kutoka upande wetu wa dunia, hasa Wasomali na Wasudani. Watu waliokulia kwenye jua kali wanasimama leo kwenye mkanda wa samaki karibu na Aktiki, wakituma fedha nyumbani.

Je, wajua kwamba sheria ya Marekani ya viwango vya kazi, ya mwaka 1938, haiwapi wafanyakazi wa meli hizi za Alaska haki ya malipo ya saa za ziada? Sheria hiyo inawatoa wavuvi, pamoja na wanaofanya usindikaji wa kwanza baharini kama sehemu ya uvuvi. Mfanyakazi wa kiwanda cha nchi kavu akipitisha saa 40 kwa wiki, kwa kawaida analipwa zaidi. Anayefanya kazi kama hiyo juu ya maji hayumo. Badala yake wengi hulipwa fungu la thamani ya mavuno. Samaki wakiwa wengi, mfuko unajaa. Wakikosekana, umechoka kwa malipo kidogo. Na mara nyingi mkataba unasema anayeacha kazi kabla ya muda atajilipia nauli ya kurudi.

Pengo hilo la sheria si jipya. Mwaka 1929 mwandishi wa Kijapani Kobayashi Takiji alichapisha riwaya kuhusu meli za kusindika kaa katika bahari ya Kamchatka, Kanikosen. Ndani yake anaeleza jinsi meli hizo zilivyokwepa pande zote mbili: sheria za meli hazikuzihusu kwa kuwa zilihesabiwa viwanda, na sheria za viwanda hazikuzihusu kwa kuwa zilikuwa baharini. Mwandishi alikufa mikononi mwa polisi mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 29. Mwaka 2008 vijana wa Japani wasio na ajira za kudumu walikinunua tena kitabu hicho kwa wingi wa kushangaza.

Turudi kwenye bahari yetu. Je, wajua kwamba jodari ana joto mwilini kuliko maji anayoogelea? Samaki wengi huwa na joto la maji yao. Jodari ana mishipa ya damu iliyopangwa kwa namna inayozuia joto la misuli yake lisipotee. Ndiyo siri ya kasi yake. Lakini siri hiyo inakuwa adui siku anaponaswa. Akipambana muda mrefu kwenye ndoana, misuli inazidi kupata joto na asidi inajikusanya, na nyama inapauka kama iliyopikwa nusu. Kwa hiyo anapofika sitahani hakuna kupumzika: anachomwa ubongo afe mara moja, anatolewa damu, matamvua na matumbo, anasafishwa, anaingizwa kwenye baridi. Kwa soko la Japani, ambako huliwa mbichi, meli za mishipi mirefu humgandisha kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, maana nyama ikihifadhiwa kwenye baridi iliyo pungufu ya hiyo wekundu wake hugeuka kahawia. Waliowahi kufika kileleni Kibo usiku wanajua baridi ya nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri inavyofanya. Hiyo ya meli ni mara tatu yake au zaidi, na kuna mtu anayeingia humo kupanga samaki.

Mshipi wenyewe unaweza kuwa na urefu wa kilomita 100 na ndoana 3,000. Ungeutandaza kuanzia Himo ungepita Mwanga, ungefika Same na kuzidi. Kuutupa, kila ndoana ikiwekwa chambo kwa mkono, ni kazi ya saa tano au sita. Kuuvuta ni saa 12 na zaidi, kutegemea samaki, papa na mafundo. Mshipi ukimaliza kuvutwa, mwingine unakaribia kutupwa. Meli hizi hazilazimiki kurudi bandarini haraka, kwa kuwa meli nyingine kubwa huzifuata, huchukua samaki na kuwaletea mafuta na chakula katikati ya bahari. Kwa mwenye meli ni akiba kubwa. Kwa baharia maana yake ni kwamba anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kukanyaga nchi, bila simu, bila mtu wa kumlalamikia isipokuwa yule yule aliyemkosea.

Neno kwa mama wa nyumbani, kwa kuwa tumemtaja jodari: akiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake. Aliyemla huwashwa, hubadilika uso kuwa mwekundu, kichwa humuuma, moyo humwenda mbio. Kumpika hakuiondoi histamini. Samaki aliyeharibika Tanga hatengenezwi na jiko la Himo.

Je, wakumbuka samaki wa Magufuli? Tarehe 8 Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua bila kibali katika ukanda wa uchumi wa bahari wa Tanzania, katika doria ya pamoja iliyotumia meli ya ulinzi ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Ndani yake kulikuwa na karibu tani 300 za jodari walioganda. John Magufuli alikuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, na samaki hao waligawiwa kwa taasisi mbalimbali za umma nchini, wakabaki na jina lake mitaani. Wengi tunalikumbuka hilo. Wachache wanakumbuka kwamba pamoja na samaki walikamatwa watu zaidi ya 30, wengi wao mabaharia wa kawaida kutoka nchi kadhaa za Asia, na Wakenya wakiwemo. Waliovuta mishipi kwa mshahara mdogo walikaa rumande Dar es Salaam kama wenye meli. Februari 2012 Mahakama Kuu ilimtia hatiani nahodha na wakala. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo. Kuilinda bahari ilikuwa haki ya nchi na ninaiunga mkono moja kwa moja. Lakini kwenye kesi za namna hii tungejifunza kumtenga mapema mwenye faida na mwenye jasho.

Wakenya wamelipa zaidi ya hapo. Oktoba 2010 meli ya Korea Kusini iliyokuwa ikivua kaa karibu na Lamu, Golden Wave, ilitekwa na maharamia wa Kisomali. Ilikuwa na watu 43. Wakorea wawili, Wachina wawili, na Wakenya 39. Waliachiwa Februari 2011, baada ya miezi minne. Vyombo vingi vya habari duniani viliiandika kama habari ya meli ya Korea.

Si meli za kigeni peke yake zilizosindika samaki kwenye maji yetu. Kwa miaka mingi meli za kukokota kamba zilifanya kazi kwenye ukanda wa Bagamoyo, Saadani na Rufiji, na vijana wa pwani walikuwa humo wakichambua kamba, wakikata vichwa na kupanga maboksi ya kugandisha. Kamba walipopungua, uvuvi huo ulisimamishwa Tanzania Bara mwishoni mwa miaka ya 2000. Kenya ilikuwa imesimamisha wake katika ghuba ya Ungwana mwaka 2006, baada ya wavuvi wadogo kulalamika kwa muda mrefu kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wadogo wanatupwa wakiwa wamekufa.

Na samaki wanaweza kwisha kweli. Meli za kiwanda zilizoanza na Fairtry zilikusanyika kwenye bahari ya Newfoundland, na mwaka 1968 mavuno ya chewa wa kaskazini yalifika karibu tani 800,000. Tarehe 2 Julai 1992 Kanada ikalazimika kuufunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Lakini tusiseme ni ya wenzetu tu. Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalojazwa na Kikuletwa na Ruvu, na ndani ya Ruvu yamo maji ya mto wetu wa Himo, lilikamilika katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 lilitoa zaidi ya tani 28,000 za samaki, kwa kuwa ardhi mpya iliyofunikwa na maji ilikuwa na rutuba nyingi na perege wakazaana ajabu. Wavuvi wakamiminika kutoka kila kona. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka, na hayajawahi kurudi pale. Hakukuwa na meli hata moja ya kiwanda pale bwawani.

Je, wajua kwamba tangu 16 Novemba 2017 kuna mkataba wa dunia unaomlinda anayefanya kazi ndani ya meli ya uvuvi? Ni Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2007. Ulisubiri miaka kumi kupata nchi za kutosha za kuuridhia, jambo linaloonyesha mabaharia hawa walikuwa na marafiki wangapi. Kwa safari ndefu, unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Unataka mkataba wa kazi ulioandikwa, cheti cha daktari, na safari ya kurudishwa nyumbani. Meli ya kwanza kuzuiliwa chini ya mkataba huo ilikuwa ya Taiwan, Fuh Sheng namba 11, iliyozuiliwa Cape Town mwaka 2018 baada ya mabaharia wake kulalamika. Wakaguzi walikuta hakuna mikataba ya maandishi, malazi ni mabovu na chakula hakitoshi. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2022.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika haya yote. Ndani ya meli ya kusindika, joto la samaki hupimwa na kuandikwa mara kwa mara, kwa sababu mnunuzi wa Tokyo au Madrid atalidai daftari hilo. Saa za usingizi za aliyempanga samaki huyo, mnunuzi haulizi. Nadhani kama tungeanza kuuliza, hata sisi wa makopo mawili kwa mwezi, zingeandikwa.

Tanzania inajiandaa kuingia bahari kuu kwa nguvu. Shirika la uvuvi la TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974 na baadaye kufa, limefufuliwa, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Ajira zitakuja, na hazitawahusu watu wa pwani peke yao. Kijana wa Himo anayetamani kazi hii aanze na mafunzo: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Mbegani, Bagamoyo, na nyingine Nyegezi na Mikindani, na Chuo cha Bahari kipo Dar es Salaam. Vyeti vya ubaharia kwa Bara vinasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), si na mtu wa kijiweni mwenye namba ya simu ya ng'ambo. Ukipata meli, dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoisoma, wenye mshahara, saa za mapumziko, bima na nauli ya kurudi. Usikabidhi pasipoti yako kwa wakala. Na kabla hujaondoka, acha nyumbani nakala ya mkataba, jina la meli, bendera yake na namba yake ya usajili, ili siku simu yako isipopatikana ndugu zako wawe na cha kuanzia.